Kiwanja cha Evarista

Evarista alimgeuza mumewe ubavu wa kushoto, akakuta kidonda cha kiunoni kimefunguka tena. Akakiosha kwa maji ya chumvi. Marcelino aliuma blanketi. Mwaka wa pili huo tangu askari wa msitu wamkute akigema pombe ya ulanzi kwenye mianzi aliyoipanda baba yake. Mpaka wa kambi ya hifadhi ya msitu ulikuwa umesogezwa, mianzi ikabaki ndani, na hakuna aliyewaambia. Walimlaza kifudifudi wakampiga virungu hadi miguu ikafa.

Aliyepiga hodi alikuwa Philbert, mtendaji wa kijiji.

"Kamwene, mama. Unaitwa kambini. Wageni wanataka mwenyeji awaonyeshe pa kujenga kituo."

"Kituo cha nini?"

"Cha mazingira. Wanafunzi watatoka Iringa, watatoka Mbeya, waje wafundishwe kuupenda msitu."

Evarista alikamua kitambaa. "Nakuja."

Kambini, Adrian, msimamizi wa mradi, alikuwa ametandaza ramani kwenye boneti ya gari. Hakumwamkia.

"Mimi napenda kule juu. Tambarare, pakavu."

"Kule ni shamba langu la maharage. Liko nje ya mpaka."

"Kwani mpaka ni Biblia, mama?"

Walinzi waliokuwa naye wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Amos. Evarista aliijua sauti hiyo. Ndiye aliyemkanyaga Marcelino shingoni wenzake wakipiga. Sasa alikuwa mkuu wa walinzi, na kwenye ramani alichorewa nyumba yake ndani ya kituo.

"Kuna pazuri zaidi," Evarista alisema. "Twendeni."

Aliwateremsha hadi kwenye uwanda wa majani chini ya msitu. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka kama tofali. Hawakujua kwamba mvua za Machi zikikolea, maji hububujika pale kutoka chini, na kwamba ng'ombe wa mkwewe aliwahi kuzama hadi tumboni.

"Maji hayafiki hapa?" Adrian aliuliza.

"Hayajawahi. Na nyumba ya mkuu iwekeni hapa katikati. Hakuna upepo."

Amos alipiga kisigino chini, akaridhika. Adrian akatoa fomu ya kuonyesha kwamba mwenyeji ameshirikishwa. Evarista akatia saini.

Aliporudi alimweleza mumewe. Marcelino alicheka mpaka akakohoa. "Imwangukie amelala," alisema.

Machi, kituo kimeshajengwa na mvua zimekolea, Amos aliona nyufa kwenye kuta za nyumba yake. Hakuingia tena. Aliwatuma vibarua wakaokoe mabati. Evarista, aliyekuwa akipalilia, alimwona Yusta, jirani yake, naye kibarua siku hiyo, akipita mlangoni na kanga kiunoni. Akatupa jembe, akateremka mbio.

"Yusta! Toka humo! Toka!"

Ukuta ulilala polepole, kama mtu aliyechoka.

Walimfukua Yusta kwa mikono, matope yakirudi kila walipoyatoa. Alikuwa amekufa. Adrian alifika mchana, akasimama kwenye ubao asichafue viatu.

"Hapa hapafai. Mtendaji, tunahamia juu, kwenye maharage. Wafadhili wanakuja Juni."

"Lile lina mwenyewe," Philbert alisema kwa sauti ndogo.

"Mwenyewe ndiye aliyetuleta hapa. Saini yake ninayo. Achague, shamba au polisi."

Evarista alikuwa akimtoa Yusta udongo mdomoni.

Siku ya mazishi, wachimba kaburi hawakutokea. Wanawake walisubiri na jeneza hadi jua likawa utosini. Evarista akaenda kuwatafuta, akawakuta wote shambani kwake. Walikuwa wameajiriwa kibarua tangu alfajiri, wakichimba mashimo ya bikoni za mpaka katikati ya maharage yaliyotoa maua. Hakuna aliyethubutu kumtazama. Amos aliwasimamia, buti zake mpya.

Evarista alimsogelea, karibu kabisa.

"Safari hii nyumba yako wameiweka upande gani?"

Amos alionyesha kwa kidevu. "Pale kwenye kona."

Evarista akapatazama, kwa muda mrefu sana.