Ubeti wa Kashata

Makarius alijua wamekuja kumtoa. Aliwaona tokea dirishani: mkuu wa shule mbele, shati limechomekewa, na nyuma yake mwalimu mgeni, dada mmoja wa kutoka Pangani aitwaye Shamsi. Godoro la huyo dada lilikuwa bado limefungwa kwenye bodaboda.

"Mzee Makarius, leo ndiyo leo," mkuu akasema. "Nyumba hii ni ya mwalimu. Na mwalimu hayupo tena."

"Hayupo kwa sababu ya nani? Si ninyi wakubwa mliomhamisha kutoka Kibondo mkamleta huku Kasulu? Nikaacha shamba nimfuate, ndugu zangu wakaligawana. Alipozidiwa, gari la shule likawa limempeleka mkubwa mmoja harusini. Sasa mnataka na ufunguo!"

Makarius hakuwa na pa kwenda. Mkewe, Odilia, ndiye aliyekuwa na nyumba na mshahara. Yeye alikuwa na Odilia, basi.

Alitaka kujifungia, lakini wanafunzi wa kidato cha tatu wakawa wameshajaa uani, Herieth akiwa mbele yao.

"Mwakeye, baba," akamwamkia kwa Kiha. "Tumefika ubeti wa kashata."

Kila mwaka Odilia alifundisha shairi moja la kale la watu wa pwani, mapanga na farasi toka mwanzo hadi mwisho. Katikati ya vurugu hizo, mama mmoja anamfungia bintiye kashata kwenye jani, binti anaolewa mbali. Odilia alikuwa akisema hapo ndipo shairi linapovua viatu na kuingia jikoni. Darasa likifika ubeti huo, lilikuja kula kashata hapa nyumbani, na hata waliosinzia kwenye mapanga waliamka.

"Mwalimu wenu amefariki," mkuu akawaambia.

"Tunajua, mwalimu," Herieth akasema. "Ila shairi bado lipo."

Shamsi akacheka, akajiziba mdomo. "Hiyo ya kwenye shairi itakuwa ya nazi, kama ya kwetu."

"Hapa nazi ya kukuna kila siku utaitoa wapi, mwanangu?" Makarius akamjibu. "Mke wangu aliweka karanga, na shairi halikulalamika."

Akaingia jikoni. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kukaanga karanga na kuzipepeta maganda. Sukari Odilia hakumwachia kamwe. Leo akaimimina mwenyewe kwenye sufuria, akakoroga. Mlangoni watoto walibanana, wakiimba ule ubeti kwa sauti ya kukariri.

"Baba, inaungua!"

Akaipua, akatia karanga, akamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Harufu ya kuungua ilijaa nyumba nzima.

"Mzee, ufunguo," mkuu akasema.

"Mwalimu, mimi naweza kulala kwa mwalimu Asnath wiki hii," Shamsi akaingilia.

"Hapana. Ukilala kwa watu leo, utalala kwa watu mpaka ustaafu. Huyu mzee namjua."

Makarius akautoa ufunguo mfukoni, akautupa mezani. "Haya, kula na huo. Ila kashata haikatwi ikiwa ya moto. Ikipoa nitakata, watoto wale, niondoke. Au hata hilo mpaka kibali kitoke juu?"

"Ikipoa," mkuu akakubali, akaketi.

Makarius akakaa karibu na sinia, mgongo wake ukiziba upepo wa mlangoni.

"Kwetu Pangani, kwa joto lile, ungesubiri sana," Shamsi akasema taratibu.

Kwa mara ya kwanza Makarius akatamani joto la pwani, mahali asipopajua. Lakini hii ilikuwa Kasulu, na baridi ilikuwa imeshuka toka milimani ikaingia hadi jikoni. Kingo za kashata zilianza kukakamaa, zikijibandua kwenye sinia.

Herieth akanyoosha kidole, akagusa. "Baba, imeshika."

"Bado," Makarius akasema, akalisogeza sinia karibu na jiko.