Shahidi Asiyerithi Hata Msumari

Fundi wa makochi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye mkono mwepesi, ulimi usiokopa maneno, na jicho la kushoto lililoanza kuota ukungu. Jicho hilo ndilo lililoanzisha mambo. Siku aliyokwenda kliniki kuandikishwa kwa upasuaji mdogo, nesi alimpa fomu, naye akaijaza harakaharaka kama mtu aliyeacha gundi inakauka. Penye nafasi ya mtu wa kuarifiwa kukiwa na lolote, akaandika jina la mumewe. Kalamu ilikuwa imeshafika chini ya ukurasa ndipo akakumbuka kwamba hana mume. Waliachana miaka miwili iliyopita, mbele ya hakimu, na hati ya talaka anayo.

Alilikata jina, akaandika la binti yake. Lakini njia nzima ya kurudi karakana wazo halikumwachia: kama mkono wangu bado unamwandika, ni wapi kwingine nilikomwandika?

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku la bati juu ya kabati. Wosia wa zamani, aliouandika mwaka ambao mtoto wa pili alianza shule. Maneno yake hayakujaza hata nusu ukurasa: nyumba, karakana na chochote nitakachoacha, vyote viende kwa mume wangu.

“Haya,” alijiambia, “ningekufa jana, mzee angeamka tajiri.”

Wakili aliyemwendea alikuwa na ofisi juu ya duka la rangi, na alikuwa mdogo kuliko binti yake. Alimwamkia kwa heshima, akausoma ule wosia, kisha akavua miwani.

“Mama, watu wengi hudhani talaka ikishatoka, karatasi zote zinapata habari. Karatasi hazina masikio. Kuna mahali sheria inamkata mtalaka wako yenyewe, kuna mahali inamwacha palepale. Usikae kubahatisha. Tuandike mpya, na useme humo kwamba huu wa zamani umefutwa.”

“Tuandike. Lakini kwanza niwaambie watoto. Nawaambia tu, siwaombi ruhusa.”

“Vizuri. Na tafuta mashahidi wawili. Wawe watu wazima, na asiwemo hata mmoja anayerithi chochote.”

Watoto wake walikuwa wawili, na wote walishapita umri wa kufungwa kamba za viatu. Kifunguamimba, binti, alikuwa mwalimu wa hisabati mwenye mume na nyumba yake, na bado kila Jumamosi alikuja karakana kumsaidia mama yake kuvuta vitambaa na kupigilia misumari. Kitindamimba alikuwa mpiga picha za harusi. Tangu talaka alikaa na baba yake, kwa kuwa baba yake, mpima ardhi mstaafu, aliweza kupima mlima lakini si maji ya kupikia wali.

Jumapili mchana aliwaketisha wote wawili kwenye kochi ambalo halijavishwa, sponji nje nje.

“Sijafa wala siumwi,” alianza. “Naandika wosia. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Kiwanja cha ng'ambo ya mto ni cha kijana. Karakana ni ya dada yako, kwa sababu kazi anaijua.”

Binti aliinamia mikono yake. Kijana alichezea kifuniko cha kamera.

“Baba atasemaje?” kijana aliuliza. “Kila siku husema karakana hii ilianza kwa cherehani aliyonunua yeye.”

“Cherehani alinunua. Na mahakamani akaulizwa, akasema karakana ni yangu. Nilikuwepo.”

“Alisema mahakamani. Nyumbani husema mengine.”

“Na wewe, achana na baba yako kidogo. Wewe unasemaje?”

Kijana alikiweka kifuniko pembeni. “Karakana siitaki, Mama. Kushona siwezi. Ila nimesikia karakana inabaki kati yenu wawili, nikajiona mgeni. Kile chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, nilikuwa nakiota kiwe studio.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeniambia picha si kazi.”

Ni kweli fundi angemwambia hivyo, na alishawahi kumwambia zaidi ya mara mbili. Binti ndiye aliyeokoa jahazi. “Chumba cha mbele kinajaa makochi mabovu tu. Mwandike humo atakitumia muda wote anaotaka. Mimi sina neno.”

“Basi kitaandikwa,” alisema mama. “Na msimamizi wa wosia utakuwa wewe, kijana. Dada yako akiwa na haraka anaruka hatua. Wewe huwezi kupiga picha moja bila kuuliza watu kumi kama wako tayari. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kugawa vitu.”

Kijana alicheka bila kutaka, akajipangusa uso kwa kiganja.

Ilibaki habari ya baba. Fundi hakutaka kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alimpigia simu mwenyewe, na kesho yake mzee akaja, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha mteja bila kukaribishwa, kama zamani.

“Nataka uwe shahidi wangu,” alimwambia.

“Tena? Juzi tu umenitolea ushahidi wa kutosha kwa hakimu.”

“Shahidi wa wosia. Anatakiwa mtu asiyerithi kitu. Nimewapitia wote ninaowajua, hakuna anayekosa kuliko wewe.”

“Sipati kitu?”

“Hata msumari.”

Mzee alizungusha kofia yake. Macho yake yalikwenda kwenye ile cherehani ya kwanza pale pembeni, na fundi alijua linalokuja, akaliwahi.

“Hiyo ulininunulia, na sijasahau. Ilitufaa. Lakini makochi niliyashona mimi, miaka thelathini. Ukitia sahihi, watoto watajua kwa macho yao kwamba hapa huna madai, na siku nikiondoka hawatagombana kwa maneno yako ya mezani.”

Alitegemea mzozo. Badala yake mzee akaanza kutikisika mabega, na kumbe anacheka.

“Fundi,” alisema, jina alilomwita tangu ujana wao, “na mimi wangu sijaubadilisha. Bado kila kitu ni chako. Nyumba sina, napanga tu, lakini lile gari ni lako.”

“Lile la kusukumwa?”

“Hilohilo.”

“Mungu aniepushe na urithi huo. Twende wote kwa wakili.”

Ijumaa walipanda ngazi za duka la rangi, yeye mbele, mzee nyuma akipumua kwa nguvu. Wakili alieleza kwamba shahidi hana haja ya kusoma yaliyomo; anashuhudia mwenye wosia akitia sahihi kwa hiari yake, basi. Mzee alisema hata hivyo hakuleta miwani. Fundi alitia sahihi, taratibu, herufi zote. Mzee akafuata, kisha karani wa ofisi. Halafu wakabadilishana viti, na safari hii yeye ndiye aliyeshuhudia, mtalaka wake akiwaachia watoto mali yake yote, gari likiwemo.

“Nani atalitaka?” alimnong'oneza.

“Kijana. Analipenda kwenye picha.”

Nakala moja ilibaki ofisini, nyingine akachukua kijana aliyekuwa akisubiri chini. Aliiweka kwenye mfuko wa kamera, akafunga zipu, akaikagua tena kama imefunga.

“Mama,” alisema, “lile dirisha la mbele, naweza kuja kulipima leo?”

“Mwambie baba yako akupimie. Ndiyo kazi yake.”

Wakaondoka watatu kuelekea karakana, mzee akilalamika kwamba futi yake ameiacha nyumbani, na fundi akimwambia karakana haikosi futi.