Homa Juu ya Daraja

Asubuhi Bi Mwanatabu alipokuwa akihama Chaani kwenda Junda, mkwewe Jafar, aliyeahidi kumbebea vyombo, alimpigia simu, akakohoa kwanza.

"Nisamehe, mama. Homa imenishika, wallahi hata kuinuka siwezi."

"Pole, mwanangu. Lala tu."

Bi Mwanatabu akawaomba majirani wampakilie kabati lake la mninga kwenye pikapu ya kukodi, naye akakaa mbele karibu na dereva, Chrispine.

Jafar naye alivaa jezi mpya nyekundu yenye nambari kumi kifuani, akapanda garimoshi la kwenda mjini. Kulikuwa na mechi.

Kwenye daraja la kuingilia kisiwani, reli na barabara zimelala ubavu kwa ubavu. Siku hiyo lori la makontena lilivunjika ekseli katikati, magari yote yakasimama. Garimoshi nalo likasimama, likingoja ruhusa ya kuingia stesheni. Bi Mwanatabu akatoa kichwa nje kutafuta upepo. Hapo ndipo alipomwona mkwewe dirishani, anatafuna viazi vya karai, ukwaju ukimchuruzika kidevuni.

Hakupiga kelele. Alitoa simu.

Jafar akaliona jina, akafuta mdomo, akalegeza sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Homa yaendeleaje?"

"Imezidi. Nimejifunika mablanketi mawili."

"Maskini! Na hilo jekundu lenye nambari kumi, ndilo la juu au la chini?"

Jafar akageuka. Macho yao yalipokutana, alizama chini ya kiti kama aliyeangusha sarafu.

"Mama, yuko hapa chini!" abiria mmoja akaita, na behewa zima likacheka.

Mechi hakuiona. Aliposhuka stesheni alikodi bodaboda moja kwa moja hadi Junda, na pikapu ilipofika ikamkuta mlangoni, mikono ya jezi ameikunja. Kabati akalipandisha ghorofani na Chrispine, akihema kwa kila ngazi, wala hakuthubutu kuomba kupumzika.

Mkewe Jalila, aliyetangulia huko kumwandalia mama yake nyumba, alishangaa. "Si ulisema unaumwa?"

"Anaumwa," Bi Mwanatabu akamjibia. "Kaja kwa mapenzi tu."

Chakula kilipoandaliwa, Chrispine alipewa sahani ya pilau iliyojaa nyama. Jafar akawekewa uji wa pilipili manga.

"Mwenye homa pilau itamdhuru," alisema Bi Mwanatabu kwa upole.

Jafar akanywa, jasho likamtoka hadi shingoni. Jalila akamgusa paji la uso. "Mama, kweli anachemka!"

"Inatoka hiyo," akasema Bi Mwanatabu, na kumwongezea kikombe kingine.