Masomo Yaliyoachwa Njiani Kyarumba

Alhamisi saa tatu asubuhi Siraje aliegesha pikipiki mbele ya chumba cha mafunzo Kyarumba, akatoa fomu mkobani na kuzihesabu mara ya pili, kwa raha tu. Zilikuwa ishirini na nane. Kila fomu ilikuwa na nyuso tatu: uso unaocheka, uso usiosema kitu na uso ulionuna. Wanafunzi wake wote, wakulima wa kahawa watu wazima, walikuwa wametia alama kwenye uso unaocheka. Hata yule mzee anayesinzia tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga alikuwa ameridhika mno.

Siraje si mtu wa milimani. Kwao ni Bulembia, mjini Kasese, na kabla shirika halijamwajiri kufundisha ukaushaji wa kahawa alikuwa akisafirisha magunia kwa lori kutoka Bwera. Alizoea mzigo unaopakiwa, ukafungwa turubai, ukafika. Akiwaona wanafunzi wake wanapanda vijia kurudi makwao baada ya somo, yeye alijua somo limefika.

Siku hiyo ratiba ilimtaka akague vichanja vya kuanikia kahawa huko juu, kwa hiyo alipanda mlima kwa mara ya kwanza. Aliongozwa na mwanafunzi wake Blandine, mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekodi shamba huko mlimani na ambaye siku za soko huteremka Bwera kuuza maharage. Blandine alikuwa na ndoo ya maji kichwani na ulimi usiopumzika.

Kwenye kona ya kwanza, kabla Siraje hajaanza hata kutoka jasho, waliona kifurushi kando ya njia. Kilifungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba yake, jinsi watu wa huko wafungavyo chumvi. Mbele kidogo kulikuwa na kingine, halafu vingine vitano pamoja. Siraje akainama na kufungua kimoja. Ndani mlikuwa na somo lake la Jumatatu kuhusu kipima unyevu, zima, tangu alipokohoa mwanzoni hadi alipouliza kama wameelewa na wote wakaitika ndiyo.

"Ni ya kwako hiyo, Mwalimu," Blandine alisema. "Huku kila kitu tunabeba ku kichwa. Yenye haina kazi ku nyumba, mutu anaiweka chini."

"Wote mmeiweka chini?"

"Ya kwangu ni ile pale, yenye kamba nzuri."

Siraje akavihesabu vyote hadi kona ya pili. Vilikuwa ishirini na vinane. Alijisikia vibaya, maana somo lile alilipenda, na kile kipima chenye taa ya kijani alikuwa amekileta mwenyewe kutoka ofisini, akakizungusha mikononi mwao kwa dakika kumi kisha akakirudisha kwenye kasha.

"Sasa mbona kwa fomu mnaweka nzuri sana?"

"Mutu akikupikia chakula, utamwambia chumvi haiko?" Blandine akashusha ndoo, kwa kuwa jambo hili halikufaa kusemwa huku mtu anatembea. "Na tena listi iko. Mwaka iliyopita, wewe haujakuja bado, Mama Feresita alichora ule uso ya kununa. Listi ingine ikakuja, jina yake haiko. Siye tuko na batoto, Mwalimu. Tunacheka tu."

Jina kwenye orodha halikuwa jambo dogo. Anayemaliza mafunzo hupewa cheti, na cheti ndicho kinachoingiza kahawa kwenye stoo ya daraja la kwanza. Asiyenacho humwaga kahawa yake kwenye turubai la kando ya barabara, hata iwe safi vipi, ikachanganywa na ya kila mtu na kununuliwa kwa bei ndogo.

Nyumba ya Feresita ilikuwa kwenye kona ya tatu. Alikuwa Mkonjo wa makamo, mpole, mwenye vidole vyeusi kwa kumenya kahawa. Alimkaribisha Siraje, akamletea kiti na maji, kisha akamwonyesha uvungu wa kichanja chake.

"Hii vitu yako inajaa kwa njia, Mwalimu. Kila mwisho wa wiki naokota yote, napandisha hapa. Nikasema isioze, nipange."

Alikuwa amevipanga kwa masomo. Rundo la kipima unyevu, somo ambalo Siraje alilirudia kila Jumatatu, lilifika kiunoni. La kupogoa matawi lilifika magotini, kwa sababu Siraje alikuwa amechora mbuni ubaoni, naye hajui kuchora. La kuchuma matunda mekundu tu lilikuwa na vifurushi viwili: cha yule mzee wa kusinzia na cha mtu aliyeumwa siku hiyo. Kila jioni Feresita alifungua kimoja na kukisikiliza mpaka mwisho, akakifunga tena. Kwa namna hiyo alikuwa amesoma mafunzo yote, pamoja na vikohozi. Kahawa iliyoanikwa juu ya kichanja ilikuwa safi kuliko yoyote ambayo Siraje aliwahi kuipakia.

Siraje aliona aibu, na pamoja na aibu akaona shukrani iliyomjaa kifua, kwa sababu tangu aanze kazi hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia ukweli. Alimwambia hivyo hivyo, waziwazi, na Feresita akacheka.

"Kipima wewe unacho, sisi hatuna," alisema. "Mimi nauma tu punje. Ikibonyea, bado. Ikikataa meno, iko tayari."

Jumatatu iliyofuata Siraje aliliacha kasha ofisini. Alileta sinia tatu za kahawa, akamsimamisha Blandine mbele, na darasa zima likashinda asubuhi likiuma punje na kubishana. Somo la kupogoa alilihamishia shambani, kwenye mbuni wenyewe, na msumeno ukapita kwa kila mkono. Mwisho wa kila wiki alipanda hadi kona ya tatu kuangalia rundo lipi limeongezeka. Palipoongezeka vifurushi alirudia somo kwa njia nyingine, pasipoongezeka aliendelea. Baada ya wiki sita njia ilikuwa nyeupe, bila kifurushi hata kimoja. Mzee wa kusinzia alipita na somo lake kichwani mpaka kwake juu kabisa, akisimama kila kona ili watu wamwone.

Siku ya mtihani hakukuwa na karatasi. Kila mmoja alileta gao la kahawa aliyoikausha mwenyewe, na Siraje akazipima zote kwa kile kipima cha taa ya kijani. Feresita naye alileta gao lake, na ndiye aliyewashinda wote. Siraje akaandika jina lake la ishirini na tisa, akampigia simu afisa wa shirika aliyeko Kasese.

"Orodha imefungwa, Mwalimu," afisa alisema. "Na fomu zinaonyesha wote wameridhika. Usituharibie kazi nzuri."

Vyeti vikaja ishirini na vinane. Blandine alikipokea chake kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya kitenge, na siku hiyo hakutania mtu.

Siraje alipanda kona ya tatu na kilo mbili za sukari. Alimshukuru kwa lugha ya Wakonjo, "Wasingya, Mama. Umenifundisha kazi yangu." Feresita akaipokea sukari, akaingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo kuliko vyote. Hiki kilifungwa kwa karatasi nyeupe ya ofisi.

"Hii si yako. Niliokota kona ya kwanza, siku afisa alikuja kuchukua fomu. Haikufika hata kwa gari."

Siraje akakifungua. Ndani mlikuwa na sauti ya Feresita mwenyewe, ya mwaka uliopita, ikisema kwa adabu kwamba kipima wakulima hawana, na kama mwalimu anaweza kuonyesha njia ya meno, watashukuru.

Aliteremka nacho kichwani, yeye mtu wa lori, shingo ikimuuma, na hakikuanguka. Ofisini Kasese alikiweka mezani mbele ya afisa, naye akamshukuru kwa kukileta. Jioni mfagizi alikikuta kwenye ngazi ya nje, pamoja na majani ya mwembe. Siraje akakiokota, akaenda nacho nyumbani.

Sasa anacho rafuni, Bulembia. Kila mafunzo mapya yanapoanza hukipandisha Kyarumba na kukifungua mbele ya darasa, hata kabla yeye mwenyewe hajakohoa. Watu husikiliza kimya, wengine wakiitikia kwa kichwa, na mafunzo yamekuwa mazuri kweli. Feresita bado anamwaga kahawa yake kwenye turubai la kando ya barabara. Siku ya mwisho Siraje hugawa fomu, na wote hutia alama kwenye uso unaocheka.