Kaimu Simba

Usiku wa jana niliota nimempeleka Bibi Subilaga kumwona simba. Bibi huyu ndiye aliyemlea mchumba wangu, Tumpe, na sharti lake lilikuwa moja tu: mjukuu wake haolewi na mwanamume asiyeweza kumwonyesha yeye simba hai kabla Bibi mwenyewe hajafa.

Basi tupo kwenye bustani ya wanyama, juu kabisa kwenye milima ya Uporoto, mwezi wa saba. Baridi inang'ata masikio. Ukungu umekaa kwenye mabenchi yote kama watalii waliolipa. Watu hakuna.

"Msimu umekwisha," linasema lango kwa uvivu. "Lakini piteni tu."

Tiketi yangu inatetemeka, inaomba niitie mfukoni. Naitia.

Kwenye kizimba cha tembo amesimama kuku, amefungwa kipande cha mpira wa kumwagilia maji puani. Kibao kinasema: KAIMU TEMBO. Kwa twiga yupo bata juu ya ngazi.

"Wenyewe wako wapi?" namuuliza bata.

"Likizo. Baridi hii wameachiwa wadogo."

Kwa simba tunamkuta beberu aliyevaa gunia shingoni. Anatafuna kibao chake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye simba?"

"Nakaimu, Bibi. Mwaka wa sita huu: Ijumaa naachiwa, Jumatatu narudi mwenyewe."

"Hebu nguruma nisikie."

"Barua yangu haisemi kunguruma. Inasema kukaa."

Bibi ananigeukia. "We mkwe wa kubahatisha! Umenitoa Tukuyu na kiuno hiki kibovu nije kutazama kitoweo?"

Beberu anasikia neno hilo. Anavua gunia, analikunja vizuri, anasema anajisikia homa, kisha anaruka wavu na kwenda zake.

Ubao wa kanuni unakohoa. "Kanuni ya kwanza: kizimba hakikai kitupu. Nani anafuata?"

"Huyu hapa!" inapiga kelele tiketi mfukoni mwangu. Nimeibeba kwa joto langu, na bado inanisaliti.

Kizimba kinakuwa ofisi. Mbele yangu kuna meza, na nyuma ya meza kuna kiti kilichovikwa koti.

"Mkuu yupo," linasema koti. "Ametoka kidogo. Una uzoefu wa usimba?"

"Sina. Ila mimi siwezi kukaa kama yule mbuzi."

"Taratibu, kijana. Ukikaa kimya, Ijumaa unaachiwa. Ukinguruma, unathibitishwa kazini. Simba aliyethibitishwa hatoki."

"Na nisiponguruma, Bibi hatanipa Tumpe."

"Hilo halimo kwenye faili," linasema koti, na kunisogezea gunia.

Nimo kizimbani. Gunia linawasha. Nje ya wavu Bibi amejifunga kitenge mpaka kidevuni, ananitazama kama mtu anayechagua ndizi sokoni.

"Kaa hivyo hivyo, mbuzi wa pili!" ananiambia. "Tumpe tutampeleka Kyela. Kule wanaume wapo, na joto lipo."

Ijumaa naiona, haiko mbali. Naweza kuvumilia. Wamevumilia wangapi humu, wakanenepa?

Nanguruma.

Ukungu unakurupuka kwenye mabenchi na kukimbilia bondeni. Bata anaanguka kutoka kwenye utwiga wake. Kule ofisini koti linaruka kitini na kwenda kumtafuta Mkuu mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

Bibi hajatikisika. Anarekebisha kitenge.

"Eee. Huyu sasa ndiye simba," anasema. "Nimeridhika, amwoe tu. Kijana mwenyewe yuko wapi nimwambie?"

"Niko hapa, Bibi!" najibu, lakini linalotoka ni ngurumo.

"Kanuni ya pili," unasema ubao. "Usimkaribie simba."

Bibi ni mtu wa kutii maandishi. Anarudi kinyumenyume, polepole, mpaka simwoni tena.

"Hongera kwa kuthibitishwa," linasema kufuli, na kujifunga.

Nikaamka. Jua lilishaingia chumbani, na simu ilikuwa na ujumbe wa Tumpe: "Bibi ameamka anacheka peke yake. Amekubali! Ila anasema siku ukija kujitambulisha, ukate kwanza hizo kucha."

Nikatoa mikono chini ya blanketi.

Wembe wa kwanza ulivunjika.