Silanga la Samburu

Picha iliyong'aa ukutani mwa darasa la chuo ilikuwa ya mitambo ya upepo iliyosimama katikati ya bahari ya ugenini, myeupe kama meno. Dkt. Kadzo alikuwa akieleza jinsi hatifungani za kijani, mikopo ya kugharamia miradi ya mazingira, zilivyoigharamia, maneno yakimtoka kwa ufasaha wa mtu aliyeyasema mara nyingi hadi yakapoa. Nyuma kabisa aliketi Caroline, mkuu wa idara. Kabla ya kipindi alikuwa amemwambia bila kuzunguka, "Wanafunzi wamepungua, Daktari. Muhula ujao huenda somo hili la fedha za kijani tukalifuta."

Kenga, mwanafunzi aliyetoka Samburu, kwenye nyika kavu ya nyuma ya pwani, aliinua mkono.

"Samahani, mwalimu. Pesa hizi za kijani zitafikaje kwetu, ambako hata kijani chenyewe hakionekani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kadzo hakucheka. Samburu ilikuwa kwao pia, ingawa miaka ya masomo ya ng'ambo na upepo mtamu wa bahari ya Diani, alikoishi sasa, vilikuwa vimempangusa vumbi lake. Jibu alilokuwa nalo, lenye takwimu zake, aliliacha. Akaizima picha.

"Nilipokuwa mdogo," alianza polepole, "kijiji chetu kilichimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua. Tulichimba kwa majembe na makarai. Baba alichinja fahali ili wachimbaji wale. Mwenye mkokoteni alitoa mkokoteni. Mama na wenzake walibeba udongo vichwani wakiimba, nasi watoto tukaitikia nyuma yao bila kujua maneno."

Mvua ya kwanza ilimrudia nzima: ng'ombe wamezama hadi magotini wakinywa, na mama amesimama ukingoni, leso imemlowa chepechepe, akicheka. Hakupata kumwona akicheka vile tena.

"Bado lipo, mwalimu?" Kenga aliuliza.

"Limejaa mchanga. Kuchimba kulikuwa na wenyewe. Kuzoa tope hakukuwa na mwenyewe. Wafadhili walipokuja, walitaka kuzindua jipya. Nani apigwe picha akizoa tope?" Akawatazama. "Basi niambieni. Mwenye pesa mtamshawishi vipi agharamie tope?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja akajibu, mwingine akampinga, na mabishano yakawaka hata muda wa kipindi ukapita bila mtu kuinuka.

Caroline alimsubiri mlangoni. "Siahidi kitu, Daktari. Lakini kabla sijaamua, ningependa kuliona hilo silanga. Twende na wanafunzi."

Jioni Kadzo alimpigia simu babake, mzee Mwero.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Nataka kuja nyumbani na wanafunzi wangu, tulitazame silanga."

Upande wa pili alisikia mbuzi wakirudi zizini, wakilia kwa zamu.

"Lile letu?" mzee aliuliza hatimaye, sauti imepungua. "Mamako angefurahi."

Kadzo aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Haya," mzee akasema, akikohoa kidogo. "Wanakula sima hao?"