Alvin Apiga Goti

Mwanangu Alvin alikuwa ametupa mpira mara mbili mikononi mwa wapinzani, na kocha alishamwambia akishindwa atakaa benchi msimu mzima. Anacheza ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, chuoni huko Amerika. Sisi tuliangalia mechi Ijumaa asubuhi, nyumbani kwangu Ruwi, mji wa Kiarabu ambako hata kanisa ni Ijumaa, kabla ya ibada.

"Baba Alvin, kijana wako anaogopa kugongwa," akasema Josphat, fundi mwenzangu wa mabomba.

Zikibaki dakika tatu, Alvin alingoja na mpira mpaka jitu la wapinzani likamfikia, akaurusha huku anaangushwa. Mwenzake akaudaka ng'ambo ya mstari wa mwisho, pointi zikaingia. Tukaongoza.

Wapinzani walijaribu, wakashindwa. Alvin akarudishiwa mpira, akapiga goti nao, mara tatu.

"Si nilisema? Sasa anaomba msamaha," Josphat akasema, akisimama.

"Keti, shemeji," mke wangu Pauline akamwambia. "Akipiga goti saa inakwisha, na mpira hawaupati. Wameshinda."

Josphat akaketi. "Huyo kijana wetu ni mwanaume."

Jioni Alvin alipiga simu. Nafasi ya kucheza ni yake. Imemgharimu mbavu mbili, jino moja na mechi tatu za kukaa nje akiuguza majeraha.